Sura ya Sita: Mruko wa Mario na TV za Chogo

Gusa kitufe cha kuruka katika Super Mario Bros. na kukiachia papo hapo, Mario atanyanyuka kidogo tu. Kishikilie, atapanda juu zaidi. Mkimbize kwanza ndipo umrushe, atafika juu kuliko hapo, na akiwa angali hewani utaweza kumrudisha nyuma au kumsogeza mbele, jambo ambalo mwili wa binadamu hauwezi. Akifika kileleni anashuka kwa kasi kuliko alivyopanda. Hesabu zote za mruko huo ziliandikwa Japani kabla ya Septemba 1985, na mamilioni ya watoto wakazijua bila kufundishwa na mtu. Kidole gumba kilijifunza chenyewe: kilikosea, Mario akatumbukia shimoni, kikarudia tena na tena mpaka kikawa hakikosei.

Ujuzi huo hautoki. Mtu wa miaka arobaini na kitu, ambaye hajashika pedi tangu amalize shule, ukimpa leo gemu lile lile ataruka shimo la kwanza bila kufikiri. Mpe gemu linalofanana nalo kwa sura lakini mruko wake umebadilishwa hata kidogo, ataanguka, kisha atakwambia kwa uhakika kabisa kwamba hili silo. Ninaamini kwamba hapo ndipo hamu ya gemu za zamani inapokaa. Picha na muziki hutuita, lakini mkono ndio unaoamua kama toleo jipya tulikubali au tulikatae. Kampuni zinazouza upya gemu hizi zimelielewa jambo hili kwa viwango tofauti, na nyingine, kwa maoni yangu, hazijalielewa hata sasa.

Mario mwenyewe alizaliwa katika uhaba. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto, kijana wa Nintendo aliyesomea usanifu wa bidhaa za viwandani, alitengeneza Donkey Kong, gemu la mashine za kutumbukiza sarafu. Shujaa wake alikuwa seremala aliyeitwa Jumpman. Nafasi ya kumchora ilikuwa vidoti vichache tu, kwa hiyo akapewa masharubu ili asihitaji mdomo, kofia ili nywele zisichorwe, na ovaroli ili mikono ionekane inaposogea. Jina la Mario lilikuja baadaye, likitoka kwa Mario Segale, mwenye ghala ambalo Nintendo ya Marekani ilikuwa imelipanga karibu na Seattle.

Miaka minne baadaye, tarehe 13 Septemba 1985, Super Mario Bros. ilitolewa kwa Famicom, mashine ya gemu ya nyumbani ya Nintendo. Miyamoto aliitengeneza pamoja na Takashi Tezuka, na muziki ukatungwa na Koji Kondo. Gemu zima, lenye dunia nane na hatua nne katika kila dunia, liliingia kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya kawaida unayotumiwa leo kwenye WhatsApp huwa nzito kuliko hapo. Mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro mmoja uliopakwa rangi tofauti. Wengi wetu tulivitazama kwa miaka tusigundue.

Hatua ya kwanza kabisa ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nadhani kila mwalimu angefaidika akiichunguza. Mario anasimama upande wa kushoto wa kioo, mbele yake ni patupu, kwa hiyo unajua pa kwenda. Anakuja kiumbe mmoja mwenye sura ya hasira, akitembea taratibu kukuelekea. Ukimgusa unakufa, na kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza hujapoteza kitu. Ukimruka, mara nyingi unamkanyaga, au unagonga kwa kichwa sanduku lenye alama ya kuuliza na kupata sarafu. Kisha unatoka uyoga. Umeshajifunza kwamba kinachokujia kutoka mbele ni hatari, na mtoto angeukimbia uyoga huo, lakini wenyewe unakwenda kulia, unagonga bomba, unarudi. Juu ya kichwa chako kuna safu ya matofali, kwa hiyo hata ukihamaki ukaruka, utagonga matofali na kushukia papo hapo ulipo uyoga. Mario anakuwa mkubwa, nawe unaelewa. Mbele zaidi kuna ngazi mbili zinazotazamana ambazo kati yake hakuna shimo, zikifuatiwa na ngazi nyingine mbili zenye shimo katikati. Zile za kwanza ni za mazoezi. Miyamoto alikuja kuyaeleza mengi ya haya miaka thelathini baadaye, lakini sisi tulikuwa tumeshayapitia kwa vidole.

Nikisema sisi, ninapaswa kueleza ni Mario gani tuliyemjua. Sehemu kubwa ya watoto wa Afrika Mashariki hawakuwahi kuona mashine iliyotengenezwa na Nintendo. Tulichokiita TV game kilikuwa nakala ya Famicom iliyoundwa China au Taiwan, yenye pedi mbili, adapta ya umeme iliyochemka kama pasi, na kaseti zilizoandikwa kwamba zina gemu 9,999 au zaidi. Ukiifungua orodha ulikuta gemu chache tu zilizorudiwa mamia ya mara kwa majina tofauti, nyingine zikianzia hatua ya mbele. Mashine za ukoo huo zilienea duniani kote: Urusi ziliitwa Dendy, Poland Pegasus, Afrika Kusini Golden China. Wahandisi walikuwa wameubana moyo wote wa Famicom katika chipu moja ya bei ndogo, na hivyo gemu lililokusudiwa sebule za Osaka likafika mpaka sebule za Temeke, Dar es Salaam, na Likoni, Mombasa.

Kwa Tanzania Bara kuna jambo la ziada. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara ilianza kupata matangazo ya televisheni mwaka 1994. Kabla ya hapo, waliokuwa na TV waliitumia kwa deki ya kanda za video. Kwa familia nyingi basi, televisheni na gemu viliingia nyumbani karibu wakati mmoja, na watoto wengine walimjua Mario kabla hawajamzoea msomaji wa habari. Ile TV ya chogo haikuwa chombo cha kutazama tu. Tangu siku zake za mwanzo ilikuwa kitu unachokigusa kikaitika.

Televisheni hizo zilikuwa za mfumo wa PAL, unaochora picha mara 50 kwa sekunde. Japani na Marekani zilitumia mfumo wa NTSC, mara 60. Gemu za wakati ule zilihesabu muda kwa picha: kila picha mpya ikichorwa, Mario anasogea hatua moja na muziki unasonga kipande kimoja. Gemu la Kijapani likichezwa kwa picha 50 bila kurekebishwa, kila kitu kinapungua kasi kwa sehemu moja ya sita. Mashine nyingi za nakala zilizotengenezwa kwa nchi za PAL zilifanya hivyo hivyo. Hata mashine halali hazikusalimika. Sonic the Hedgehog ya 1991, gemu lililotangazwa kwa sifa ya kasi, lilikwenda polepole katika nyumba za Ulaya kuliko za Tokyo, na muziki wake vilevile.

Kwa hiyo aliyelelewa na mashine ya namna hiyo anabeba kumbukumbu ambayo kwa hesabu za Nintendo kule Kyoto ni makosa. Anapolisikia toleo rasmi la leo likicheza kwa picha 60, anaona muziki unakimbizana na Mario ana haraka isiyo na sababu. Mwaka 2018 Sony ilitoa PlayStation Classic, mashine ndogo yenye gemu 20 za zamani, na kwa baadhi ya gemu hizo ikatumia matoleo ya PAL ya picha 50. Wapenzi wa gemu walilalamika sana, wakitaka zile za picha 60. Naelewa malalamiko yao, kwa sababu gemu la haraka ndilo waliloliandika watengenezaji wengi. Hata hivyo mtu aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa akisema kwamba mwendo wa taratibu ndio wake, hajakosea kuhusu maisha yake. Ningependa siku moja mkusanyiko rasmi umpe mchezaji uchaguzi wa miendo yote miwili, na ueleze kwa nini.

Turudi kwenye kuuza upya. Nintendo ilianza mapema kuliko wengi. Mwaka 1993 ilitoa Super Mario All-Stars kwa mashine yake mpya zaidi, gemu za Mario za awali zikiwa zimechorwa upya kwa rangi nzuri na milima yenye kina. Ni kazi ya kupendeza. Lakini ukivunja tofali kwa kichwa katika toleo la kwanza, Mario anarudishwa chini mara moja. Katika All-Stars anavunja tofali na kuendelea kupanda. Ni tofauti ya chembe ya sekunde, na anayelijua gemu anaihisi pale pale, kwa sababu kipimo alichozoea cha kuvunja na kushuka hakifanyi kazi tena. Waliochora upya waliyaona matofali, ila tofali lenyewe lilikuwa pia kipimo cha muda.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Crash Bandicoot. Gemu la kwanza lilitengenezwa na Naughty Dog mwaka 1996 kwa PlayStation, mashine ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye mabanda ya gemu ya kulipia kwa dakika. Mwaka 2017 studio ya Vicarious Visions iliyajenga upya magemu matatu ya mwanzo katika mkusanyiko mmoja, N. Sane Trilogy. Kwa macho, sijaona kazi ya namna hiyo iliyofanywa kwa upendo zaidi: manyoya yanapepea, majani ya msituni yanang'aa. Ndipo watu wakaanza kuanguka. Walianguka katika daraja la mbao la hatua ya The High Road, pale ambapo miaka ishirini nyuma walikuwa wakipita. Watengenezaji walieleza hadharani kwamba walichukua mwendo wa Crash wa gemu la tatu kuwa msingi wa yote matatu, na kwamba katika gemu la kwanza baadhi ya miruko ilihitaji usahihi mkubwa zaidi kuliko zamani, kwa kuwa Crash sasa hushuka upesi. Nawaheshimu kwa kusema ukweli. Lakini gemu la kwanza lilipimwa kwa mruko wake wenyewe. Kila pengo katika daraja lile liliwekwa na mtu aliyejua Crash anafika wapi. Ukibadilisha mruko ukaacha mapengo, umebadilisha gemu.

Mafanikio yaliyonifurahisha kuliko yote yalitoka kwa shabiki. Christian Whitehead, kijana wa Australia, alijenga kwa mikono yake programu ya kuendesha gemu za Sonic, akalionyesha gemu la Sonic CD likicheza kwenye simu kabla Sega, kampuni yenye Sonic, haijamwomba. Sega ilimwajiri badala ya kumshtaki, na mwaka 2011 ikatoa toleo lake rasmi. Mwaka 2017, pamoja na Simon Thomley wa Headcannon na studio ya PagodaWest, Whitehead aliongoza kutengenezwa kwa Sonic Mania. Hilo lilikuwa gemu jipya kwa mfumo wa zamani, na Sonic ndani yake ana uzito ule ule: anapoteremka mlima anavuna kasi, anapoupanda anaipoteza, akiruka kutoka kwenye mteremko anarushwa kwa pembe ya mteremko huo. Watu hawa walikuwa wamechunguza hesabu za mwaka 1991 kwa miaka, bila malipo, kwa sababu walizipenda. Ndiyo maana mkono hauna la kulalamika.

Miaka mitano baadaye Sega ilitoa Sonic Origins, mkusanyiko wa magemu manne ya mwanzo. Kabla yake, Mei 2022, iliyaondoa matoleo mengi ya awali ya gemu hizo katika maduka ya kidijitali, ili atakayeyataka anunue mkusanyiko. Na katika Sonic 3, muziki wa baadhi ya hatua ulikuwa umebadilishwa. Mwaka 1994 muziki wa gemu hilo ulitayarishwa kwa mchango wa watu wa kundi la Michael Jackson, na kwa muda mrefu wapenzi wa gemu wameamini kwamba haki za nyimbo hizo ndizo zinazoleta ugumu. Iwe ni sheria au sababu nyingine, matokeo kwa mnunuzi ni kwamba hatua ya barafu, IceCap, ambayo wimbo wake unaimbwa na watu wasiokumbuka hata jina la gemu, inachezwa kwa wimbo mwingine. Jambo hili linaniuma. Toleo la awali halikupaswa kuondolewa sokoni kwa sababu tu lile jipya linaingia.

Nintendo nayo ina tabia ninayoiona mbaya zaidi, ya kuuza kumbukumbu kwa saa. Novemba 2016 ilitoa NES Classic, kisanduku kidogo chenye gemu 30, kikaisha madukani mara moja. Viliuzwa takriban milioni 2.3, kisha Aprili 2017 ikatangaza kusitisha, watu wakauziana kwa bei za ulanguzi, na Juni 2018 kikarudi. Septemba 2020, kuadhimisha miaka 35 ya Mario, ilitoa Super Mario 3D All-Stars yenye magemu matatu makubwa, na kutangaza mapema kwamba itauzwa mpaka tarehe 31 Machi 2021 tu. Siku hiyo ilipofika iliondolewa kweli. Hakukuwa na sababu yoyote ya kiufundi. Kitu cha kidijitali hakiishi ghalani. Kisha Machi 2023 maduka ya mtandaoni ya mashine za Wii U na 3DS yakafungwa, na magemu mengi ya zamani yaliyokuwa yakiuzwa humo hayauzwi tena rasmi.

Mwaka huo huo taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazikuwa zikiuzwa tena rasmi. Huo ni urithi wa miongo kadhaa, na takwimu hiyo ni ya nchi yenye soko kubwa na maktaba nyingi. Magemu ya Mario na Sonic yana bahati kwamba yanauzika. Jirani zao wa kaseti ile ile ya 9,999 hawana wa kuwauza.

Hata ukilipata gemu lenyewe bila kuguswa, bado kuna kioo. TV ya chogo iliichora picha kwa miale, mstari baada ya mstari, mara tu inapopokea ishara, na karibu hapakuwa na kuchelewa. TV bapa ya leo hupokea picha, huitengeneza, huilainisha, ndipo huionyesha. Kila picha katika mwendo wa 60 hudumu takriban milisekunde 17. TV ikichelewa kwa picha tatu au nne, kidole kinachojua saa ya kuruka kinabonyeza kwa kuchelewa na Mario anaanguka. Wengi wanaodhani wamezeeka wanaonewa na TV zao. Ingia kwenye mipangilio uwashe hali ya gemu kama ipo, utaona tofauti. Kuna pia mambo ya macho: maporomoko ya maji katika hatua ya kwanza ya Sonic yamechorwa kwa mistari ya wima yenye mapengo. Waya wa zamani wa video uliyachanganya mapengo hayo yakawa maji unayoweza kuona nyuma yake. Kwenye TV bapa unaona pazia la mistari. Wachoraji wa wakati ule walichora wakijua ukungu wa kioo chao, na matoleo mazuri ya leo hukupa uchaguzi wa kuurudisha.

Kitu cha mwisho kilichobadilika ni hofu. Super Mario Bros. ya awali haikuwa na kusevu. Roho zikiisha, unaanza upya, na umeme ukikatika ukiwa dunia ya saba, dunia ya saba imekwenda. Kulikuwa na njia ya kuendelea kutoka mwanzo wa dunia uliyofia, kwa kushikilia kitufe cha A unapobonyeza Start, lakini wangapi mtaani kwetu waliijua? Leo huduma ya Nintendo Switch Online inakuruhusu kurudisha muda nyuma: umeanguka, unashikilia vitufe viwili, Mario anatoka shimoni kama hakuanguka. Sina ugomvi na mzazi mwenye dakika ishirini kabla ya kulala anayeitumia. Ila mtoto anayelicheza gemu hili kwa mara ya kwanza namwombea alicheze bila kurudisha, angalau dunia mbili za mwanzo, kwa kuwa hatua ya kwanza niliyoieleza hapo juu inafundisha kwa kifo, na anayefuta kila kifo anakosa somo.

Hukumu yangu kuhusu matoleo mapya ni fupi. Toleo zuri ni lile linalokupa gemu la awali kama lilivyokuwa, kisha pembeni yake likaweka mapambo yote linayotaka. Linalokupa mapambo peke yake, hata yawe mazuri kiasi gani, ni gemu jingine lenye jina la zamani, na linastahili kuuzwa hivyo.

Na wewe msomaji, kama kwenu bado kuna TV game juu ya kabati au kaseti ya manjano ndani ya boksi la viatu, usiitupe. Ifute vumbi, piga picha ya lebo yake na ya orodha ya gemu inayotokea kwenye kioo, andika ilinunuliwa wapi na mwaka gani kama wazazi wanakumbuka. Vipo vifaa vya kusoma kaseti hizo na kuhifadhi yaliyomo kabla chipu hazijafa, na wapo vijana wa kompyuta mjini kwako wanaoweza kuifanya kazi hiyo. TV ya chogo ikiwa inawaka, itunze pia, kwa sababu hakuna kiwanda kikubwa kinachoitengeneza tena. Kampuni zitahifadhi kile kinachouzika Tokyo na New York. Mashine zilizochezwa Temeke na Likoni hazina mwingine wa kuzihifadhi zaidi ya wale waliozicheza.